Vigingi Vinne vya Mwalimu Barwise

Saa mbili asubuhi, na jua la Januari bado halijaamua kama litatoka au litalala siku nzima nyuma ya mawingu. Thomas Ostle amesimama ukingoni mwa shamba la malisho la Saltrigg, mgongo kaupa upepo, koleo mkononi, anang'oa seng'enge kwenye nguzo moja baada ya nyingine. Mita nne chini ya buti zake, maji ya bamvua yanapiga mchanga na kuondoka nao.

Nguzo anazozing'oa alizisimika mwenyewe mwaka juzi. Zile za kabla yake alizisimika yeye pia, na za kabla ya hizo alizisimika na baba yake.

"Mimi fundi wa uzio unaotembea," anasema, na hacheki. "Mafundi wengine wanajenga, wanakwenda zao. Mimi nikijenga najua nitarudi kubomoa. Bahari ndiye bosi wangu."

Ana miaka sitini na sita na kijijini wote wanamwita Tot. Goti lake la kushoto limechakaa na kidole kimoja kilibaki kwenye mashine ya kukazia waya tangu ujana wake. Analipwa pauni tisa kwa kila mita ya uzio anayoihamisha, na majira ya baridi kama haya, mvua ikimruhusu siku tatu kwa wiki, anashukuru.

Leo ameng'oa mita arobaini bila taabu. Kisha amefika mahali pamefungwa kamba mbili za rangi ya chungwa, akaweka koleo chini.

Kati ya kamba hizo pana kipande cha ardhi ambacho gari dogo lingekijaza. Juu ni nyasi kama nyasi nyingine. Ukichungulia ubavu wake kutoka ufukweni, unaona mistari myeusi imelaliana kwenye mchanga, mmoja juu ya mwenzake, kama mkate uliokatwa. Ni mabamba ya nyasi na udongo yaliyopangwa na mikono ya watu, na ndicho kilichobaki cha ngome ndogo ya Warumi.

Ngome za namna hii ziliwekwa pwani yote hii, maili kwa maili, toka pale ukuta mkuu ambao Warumi waliujenga mpakani mwao ulipofika majini. Askari wachache tu walikaa ndani, wakitazama ghuba, wasije watu wa ng'ambo wakauzunguka mpaka huo kwa mashua.

"Mvua, mboga za juzi, na kumngoja mtu ambaye labda haji," anasema Tot. "Nawajua hao. Ni sisi."

Kipande hiki kisipofika mwezi wa Mei, mtu mmoja aliyekufa ataendelea kuitwa mwongo. Aliyesababisha aitwe hivyo ni Tot.

Inabidi turudi nyuma hadi mwaka 1976, kiangazi ambacho wazee wa hapa bado wanakitaja kama watu wanavyotaja vita. Haikunyesha wiki baada ya wiki. Malisho yalikauka yakawa ya rangi ya chai, na Mwalimu Joseph Barwise, aliyefundisha hesabu watoto wote wa Saltrigg akiwamo Tot, akapanda juu ya banda la nyasi kavu kumtafuta paka wake. Toka juu akaona shambani mraba wa nyasi za kijani, mahali ambapo nyasi nyingine zote zilikuwa zimekufa.

Alijua ni nini: udongo uliochimbwa zamani hushika unyevu. Alichonga vigingi vinne vya mwaloni, akavigongomea kwenye pembe nne za ule mraba, akaandika kwenye daftari lake kwamba vigingi vinaonyesha ngome ilipo na ramani ataichora majira ya kuchipua. Majira hayo hakuyaona. Januari iliyofuata kifua kilimbana, na siku kumi baadaye akazikwa.

Novemba ya mwaka huohuo dhoruba ilikula mita sita za ukingo kwa usiku mmoja. Amos Ostle, baba yake Tot, alikwenda na mwanawe kuurudisha uzio nyuma.

Hapa lazima mtu aelewe tabia ya watu wa pwani hii. Kwao kila kitu hupimwa kuanzia ukingoni. Uzio hukaa hatua kumi na mbili kutoka ukingoni, na njia ya kupitia ng'ombe, na birika la maji, na kibanda cha mbwa, kila kimoja kina hatua zake. Bahari ikila, vyote hurudi nyuma kwa kipimo kilekile. Na jirani akiona kitu cha mwenzake kimesogelewa na maji, hukihamisha bila kuombwa na hangoji shukrani. Kukiacha cha mtu kichukuliwe na bahari ni aibu kubwa kuliko wizi.

Amos aliviona vile vigingi vinne, akavua kofia.

"Alisema, 'Tot, Mwalimu katutoka. Vitu vyake tusiviache nyuma,'" anasimulia Tot. "Tukavihamisha. Na usidhani tulivihamisha ovyo ovyo! Tulipima kwa kamba. Mraba uleule, umbali uleule, pembe zimekaa sawa kabisa. Baba alipiga magoti akachungulia kama mtu anayelenga bunduki. Akaniambia, 'Mwalimu mwenyewe angetupa kumi juu ya kumi.'"

Walivihamisha tena mwaka 1983. Mwaka 1990 Amos alikuwa kitandani, hivyo Tot alivihamisha peke yake, kwa kamba ileile. Jumla vilitembea mita kumi na nane. Ngome, bila shaka, haikutembea.

Mwaka uliofuata chama cha wapenda historia wa wilaya kilipata fedha za kuchimba, wiki tatu, na kikaja na daftari la Mwalimu. Vigingi vilikuwepo, imara, mraba safi. Wakachimba katikati yake. Walipata mchanga, kipande cha kiko cha udongo na taya la kondoo. Ripoti yao ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu: hapana kitu, na pengine marehemu aliona madoa ya mbolea.

Tot alikuwepo. Yeye ndiye aliyelipwa kuzungushia uzio shimo lao.

"Watu wananiuliza, hukukumbuka? Nilikumbuka! Ningeulizwa nani kavihamisha vigingi ningejibu mimi, tena kwa majivuno. Lakini hakuna aliyeuliza, na mimi sikuona kwamba ni jambo. Kwangu vile vilikuwa mali ya marehemu, kama koti lake. Kwamba vilikuwa vinaonyesha mahali, mahali penyewe chini ya ardhi..." Anakuna kidevu. "Hapa kwetu hakuna mahali. Kuna umbali tu toka ukingoni."

Kuna jingine ambalo alilisema mwenyewe, bila kubanwa. Ijumaa ile wachimbaji walipofungasha, baa ya Saltrigg ilijaa, na mtu mmoja akalalamika kwamba fundi bomba aliahidi kuja toka Jumatatu. Tot, bilauri ya tatu mkononi, akasema: "Atakuja. Amepitia kwanza ngome ya Barwise."

Baa nzima ilicheka mpaka mwenye baa akafuta macho. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Neno lile lilitoka baani, likafika shuleni, likafika kanisani. Mtu akichelewa, amepitia ngome ya Barwise. Mwanasiasa akiahidi barabara, itapita ngome ya Barwise. Wapo vijana wa leo wanaolisema bila kujua Barwise alikuwa nani.

Aliyejua alikuwa Freda Barwise, mtoto pekee wa Mwalimu, ambaye hakuolewa na ambaye kwa miaka ishirini na sita aliendesha gari la maktaba toka kijiji hadi kijiji. Mwaka ule wa 1991 aliacha kwenda kwenye karamu ya mavuno. Vitabu aliendelea kuwapelekea watu, mpaka mlangoni, na ule utani aliusikia huko huko milangoni.

Februari ya mwaka 2022, dhoruba tatu zilipita ndani ya wiki moja. Maboriti ya zamani yaliyokuwa yakikinga ukingo yalikuwa yameshaoza, na yalikwenda na maji. Asubuhi ya utulivu Tot alishuka ufukweni kuokota nguzo zake, akainua macho, akaiona ile mistari myeusi.

Hakuitambua mara moja. Alichotambua ni mawe. Kati ya mistari palikuwa na mawe ya mviringo yamepangwa kama sakafu ya lango, na juu ya mawe hayo ilining'inia nguzo yake ya mwaka 1990, ambayo anaikumbuka kwa sababu ilikataa kuingia. Aliipiga nyundo nusu saa nzima siku ile, huku akiyatukana mawe.

"Nikapanda juu. Nikahesabu hatua kurudi nyuma, toka pale hadi kwenye shimo lao la zamani. Hatua ishirini na mbili, ndizo mita kumi na nane. Nikajua ni sita, na tano, na saba, mita zetu tulizohamisha. Nikakaa chini kwenye nyasi zilizolowa. Sijui nilikaa muda gani. Mbwa wangu alikwenda nyumbani peke yake."

Hakumwambia mtu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alimjia Tot uzeeni. Majira ya baridi mawili yalipita na kila dhoruba ilikata kipande cha ngome. Naye kila asubuhi baada ya dhoruba alikwenda kukitazama, na akirudi chakula hakimshuki. Mkewe, Noreen, alidhani ni ugonjwa na akampeleka akapimwe damu.

Novemba iliyopita mwenye shamba alimpigia: uzio uhamishwe kabla ya Pasaka. Jioni ileile Tot alinyoa ndevu, akavaa koti la mazishi, akaenda kugonga kwa Bi. Freda.

Bi. Freda ana miaka themanini na moja sasa. Anatembea kwa fimbo mbili, masikio yake ni mazima, na ndiye mtu pekee Saltrigg anayemwita Tot kwa jina lake kamili. Anasimulia hivi:

"Nilimwona na lile koti nikadhani kuna maiti. Nikamwambia, 'Kaa, Thomas, nani kafa?' Akasema, 'Bado hajafa, Bi. Freda, lakini mimi ndiye niliyemuua.' Nikasema, 'Acha mafumbo, chai inapoa.' Ndipo akanieleza. Kamba, hatua, baba yake kuvua kofia. Yote."

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza swali moja: na ule utani, nani aliuanza?

"Ningeweza kusema sijui," anasema Tot. "Waliokuwepo baani wengi wameshazikwa. Nikamwambia ni mimi."

Bi. Freda alisimama, fimbo moja tu, akaufungua mlango.

"Toka nyumbani kwangu."

Siku tisa zilipita. Noreen alimwambia mumewe aandike barua, naye akasema ataandika nini, kwamba samahani kwa miaka thelathini na tatu? Siku ya kumi simu ililia.

"Nataka kuiona," sauti ilisema. Hakukuwa na salamu.

Alimbeba kwenye tela dogo la kubebea malisho ya kondoo, akiwa ametandika majani makavu na blanketi mbili, akashuka naye taratibu kwa njia ya mashua mpaka ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa. Bi. Freda alivua glovu, akaweka kiganja kwenye mstari mweusi wa chini kabisa, akakiacha hapo hapo kwa muda mrefu. Tot alitazama pembeni, upande wa milima ya Uskoti, ambayo siku ile ilionekana vizuri.

Alilosema Bi. Freda pale, Tot hakulitarajia. Mwandishi wa makala haya alipomuuliza kama angependa lichapishwe, Bi. Freda alijibu, "Liandike. Mimi sina wa kumficha."

"Daftari zake nilizichoma," anasema. "Mwaka tisini na mbili, bustanini, pamoja na majani. Kumi na moja. Walipokuja wale wasomi na ripoti yao, nilisema basi, baba alizeeka, alijidanganya. Wao hawakumjua, wana udhuru. Mimi alinifundisha kusoma. Kila mtu analaumu vigingi. Vigingi vilihamishwa na watu waliomheshimu. Mimi niliwasha kiberiti."

Analia kidogo, bila kuficha uso, kisha anaomba biskuti.

Kwa hiyo hakuna daftari tena. Picha alizopiga Tot kwa simu zimefika kwa wataalamu, nao wamejibu kwa upole kwamba mistari ile inaweza kuwa ngome, na inaweza pia kuwa boma la ng'ombe la karne zilizopita. Wanahitaji kuchimba pembe iliyobaki, yenye kipande cha sakafu ya lango. Vibali vimeombwa, watu wamepatikana, tarehe imewekwa: kumi na mbili Mei. Wakithibitisha, ngome itaandikwa kwenye orodha rasmi pamoja na jina la aliyeigundua. Ardhi ikiporomoka kabla ya hapo, hakutakuwa na cha kuchimba.

Wiki kumi na sita zimebaki. Majira ya baridi yaliyopita yalikula mita nne.

"Tot!" Sauti inatoka nyuma ya lango la shamba. Ni Len Skelton, mfugaji wa jirani, na mbwa wake wawili. "Bado tu unakibembeleza hicho kidongo? Kiimbie basi, labda kitalala!"

"Nenda kakamue, Len."

"Nimeshakamua toka saa kumi na moja, wewe ulikuwa unakoroma." Anasogea, anaegemea lango, sauti inashuka. "Imekwenda ardhi nyingi jana?"

"Nusu hatua."

"Loo." Len anatazama bahari, kisha anatazama buti zake. "Nina magunia ya mchanga thelathini bandani. Hayana kazi."

"Yatakwenda na maji."

"Si yaende. Nimekwambia hayana kazi." Anaondoka akipiga mbinja kuwaita mbwa. Kabla ya saa nne trekta lake limeshafika na magunia, na mwanamume huyo, ambaye kwa kauli yake mwenyewe ametumia neno "ngome ya Barwise" mara elfu, anashusha gunia moja moja bila utani wowote.

Magunia hayatatosha na wote wawili wanajua. Bahari ya hapa ikiletwa na upepo wa magharibi haizuiwi na gunia.

Mchana, Tot anatoa kwenye tela kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ni kigingi kimoja cha mwaloni, cheusi kwa uzee, kichwa kimechanika kwa nyundo. Vinne vyote vimesalia. Aliving'oa kwenye ule mraba usio na kitu mwezi uliopita, mbele ya Bi. Freda, na mwanamke huyo akaviweka mapajani njia nzima ya kurudi. Vitatu kati yake havina pa kwenda, maana pembe zake ziko hewani sasa, juu ya maji. Hivyo viko kwa Bi. Freda, jikoni, karibu na jiko.

Hiki cha nne kina mahali. Tot anapiga goti moja, lile zima, anachungulia kama baba yake, anasogeza kigingi upana wa kidole. Kisha anakipiga nyundo. Kinaingia polepole, kwenye udongo uliopangwa.

Anasimama, anakigusa kwa ncha ya buti. Halafu anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake kazini: anakipa kigingi mgongo, uso baharini, na kuanza kuhesabu kutoka pale kwenda ukingoni. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Buti ya nne inasimama kwenye nyasi za mwisho.

"Nne," anasema. "Jana zingekuwa nne na nusu."

Anatarajia nini? Anatarajia upepo wa mashariki. Pwani hii hakuna anayeuombea upepo huo. Unatoka barani, mkavu, unapasua midomo, unaua wanakondoo wa kwanza, na goti la Tot humfanya alie usiku. Lakini unaisukuma bahari kwenda Uskoti. Wiki kumi na sita za upepo wa mashariki, na pembe ya Mwalimu itafika Mei. "Goti lioze tu," anasema. "Nina jingine."

Na baada ya Mei? Ana mpango. Amekwisha kuutoa kwenye rundo ubao wa mwaloni, ataandika jina la Mwalimu kwa chuma cha moto na kuusimika kando ya njia. Utakaa hatua ngapi toka ukingoni, anaulizwa. Anafikiri. Anasema ubao huo hautahamishwa. Bahari ikiufikia, iuchukue.

Simu inatetema mfukoni. Bi. Freda humpigia kila siku saa hizi, toka Novemba, na hajawahi kumsalimu hata mara moja.

"Upepo unatoka wapi leo, Thomas?"

Tot anavua kofia, anageuza uso huku na huku mpaka masikio yote mawili yanahisi baridi sawasawa. Anachukua muda, kana kwamba jibu linaweza kubadilika.

"Magharibi, Bi. Freda."

Kikohozi kidogo upande wa pili.

"Haya. Nitapiga kesho."